Feni haina kosa

Poleni kwa ukimya. Likizo nzima nilikuwa nyumbani Benaco, juzi ndo nimerudi kampasi na begi limejaa vumbi jekundu, pamoja na mfuko wa uyoga mkavu ambao wenzangu wa chumbani wameshaumaliza. Nilitaka niandike habari za likizo kama kawaida yangu, lakini jana jioni kwenye vimbweta ulitokea ubishi. Nimelala nao, nimeamka nao, leo Jumapili sina pa kuutua ila hapa.

Ubishi wenyewe ulianza hivi. Nilikuwa nawasimulia washikaji habari za kabati la uyoga la mama, na kile kifeni chake kilichotunyima usingizi karibu wiki 3. Hata katikati sijafika, mmoja (anajijua, mtu wa Fizikia na Hisabati) akadakia: "Sasa si mngeizima tu usiku?" Wote wakatikisa vichwa kukubali, kama vile kasema neno zito sana. Mwingine akauliza kama kweli ni uyoga au tunaotesha bangi ndani, maana kabati, feni, bomba la kutolea hewa nje... teh teh teh. La bangi nimelisamehe. La kuzima feni sijalisamehe, na ndilo lililonileta hapa.

Msimamo wangu nausema mapema, ili mwenye haraka aondoke nao: kuzima feni siyo kuituliza. Feni ndogo ikipiga kelele, mara nyingi kosa si lake, ni la aliyeifunga. Anayeizima analiacha kosa lake pale pale, halafu anayeadhibiwa ni uyoga. Na ikibidi, mapafu ya mama yake.

Kwanza niwape picha. Wasiopajua, Benaco iko wilaya ya Ngara, mkoa wa Kagera, kwenye barabara kuu ya kwenda Rusumo. Malori ya Rwanda na Burundi yanapita usiku na mchana. Hata jina lenyewe limetokana na kampuni ya Kiitaliano iliyojenga barabara. Dunia ilipafahamu mwaka 1994, pale tarehe 28 na 29 Aprili watu wapatao 250,000 walipovuka daraja la Rusumo ndani ya siku moja wakikimbia mauaji ya Rwanda, na kambi ya Benaco ikageuka mji. Kambi ilifungwa mwishoni mwa 1996, mi sijazaliwa bado. Lakini mama anasimulia jinsi vilima vilivyobaki vitupu kwa sababu ya kuni. Halaumu mtu, watu wale walihitaji kupika. Anachosema ni kwamba uyoga aliokuwa anaokota akiwa msichana, chini ya miti ya jirani tu, siku hizi mpaka utembee mbali na bado unarudi na kikapu nusu.

Ndo maana aliposikia kwamba uyoga mamama unaoteshwa hata ndani ya nyumba, kwenye mifuko yenye majani makavu ya migomba, akachangamka. Majani ya migomba kwetu hayanunuliwi. Wateja nao wapo, kuna mama lishe wanaopikia madereva na kuna majirani. Shida moja tu: Ngara kiangazi cha Juni mpaka Agosti hewa ni kavu, na uyoga ukiwa unachipua unataka unyevu wa asilimia 80 kwenda juu. Sisi tunakaa nyumba ya kupanga, banda la nje hatuna. Tukachukua kabati la zamani la plaiwudi, upana mita 1.2, kina mita 0.6, kwenda juu mita 1.5. Tukalitandika nailoni ndani, tukaweka vichanja, tukaliingiza chumba cha stoo. Fundi akatoboa tundu juu, akafunga feni iliyotolewa kwenye kompyuta mbovu, ile ya sentimita 12 ya volti 12. Humo ndani kuna ada za mdogo wangu, sare zake, na mara nyingine nauli yangu ya kurudi chuo bumu likichelewa. Kwa hiyo msinione nabishania mchezo.

Sasa feni ya nini? Hapa ndipo wengi mnapopotea. Uyoga siyo mchicha. Hauvuti kaboni dayoksaidi, unaitoa, unapumua kama wewe. Ukiufungia ndani bila hewa mpya unajivutia pumzi yake mwenyewe. Hewa ya kawaida ya nje ina kaboni dayoksaidi sehemu kama 420 kati ya milioni. Uyoga mamama ukiwa unatoa vichwa unataka isizidi kama 1,000. Ikizidi, shina linarefuka kama shingo ya korongo na kofia inabaki kama kifungo cha shati. Hauozi, haufi, lakini mteja hanunui mashina.

Kinachowadanganya watu ni kwamba mwanzoni hali haiko hivyo. Wiki 2 mpaka 4 za kwanza, utando mweupe unapotambaa ndani ya mfuko, hauna haja ya hewa nyingi. Unafunga, unaweka gizani, unakwenda zako. Kwa hiyo nyumbani walikaa wiki 3 bila feni na mambo yakawa mazuri tu. Feni ilipowashwa na kelele zikaanza, swali likawa: kwani hii ni ya nini, mbona siku zote tuliishi bila hiyo? Swali halali kabisa. Jibu ni kwamba umri wa uyoga umebadilika. Mtoto mchanga analala kutwa, lakini akianza kutembea huwezi kumfunga kitandani ukasema jana alikuwa ametulia.

Na kuna la pili. Uyoga uliokomaa unatoa vumbi la mbegu jingi mno, jepesi mno. Ukilala chumba kimoja na vumbi hilo kila siku unaweza kupata kikohozi na mzio wa mapafu. Wanaolima uyoga kwa wingi ndani ya majengo wanalijua hilo, ndo maana wanavaa barakoa. Kwa hiyo feni ya kabati la ndani ina kazi mbili: kuingiza hewa mpya, na kulitoa lile vumbi nje ya nyumba kabla halijatufikia sisi. Ukiizima, kazi zote mbili zimekufa.

Haya, kilichotokea. Chumba cha stoo kimepakana na chumba cha mdogo wangu, yuko kidato cha nne, anasoma usiku. Upande wa pili analala baba mdogo. Usiku wa kwanza feni ilipowashwa nyumba nzima iliimba. Siyo mlio mkubwa, la hasha. Ni ule mlio mmoja, mmm mmm mmm, usiopanda wala kushuka, kama mbu aliyekomaa. Nawaambia hapo nje malori yanashusha gia usiku kucha, breki zinapiga chafya, na sisi watu wa Benaco tunakoroma. Lori linakuja, linapita, linakwisha. Mlio usiokwisha ndo unaochosha kichwa. Usiku wa tatu baba mdogo akatoka, akachomoa waya, akarudi kulala. Asubuhi mama akauchomeka. Ikawa ndo ratiba, usiku kuchomoa, asubuhi kuchomeka. Baada ya siku chache tukaona mashina marefu, vikofia vidogo. Mama akasema mbegu mbovu. Akaanza kuacha milango ya kabati wazi ili "zipumue", vumbi likaingia ndani, akaanza kukohoa kila alfajiri. Mi si daktari, sisemi zaidi ya nilichoona.

Mi nilipofika likizo nikampa shikamoo baba mdogo, na kabla hajaitikia vizuri akaniambia: "Marahaba. Wewe si unasomea ualimu wa sayansi? Hebu ituliza hii kitu, au niitupe." Duh.

Sasa sikilizeni uongo wa kwanza: "feni yenyewe ndo ina kelele." Niliifungua, nikaishika mkononi, nikaiwasha. Kimya! Sawa, kuna kaupepo unakasikia, lakini ule mlio wa mbu hakuna. Nikaigusisha kwenye mlango wa kabati: mmm mmm mmm. Nikaitoa: kimya. Nikamwita baba mdogo aone, nikarudia mara tatu. Jaribio hilo halina gharama, na nyie wenye feni za kompyuta huko vyumbani mnaweza kulifanya leo leo. Kumbe feni inatetema kidogo tu, na mtetemo huo peke yake hauna nguvu ya kumwamsha mtu. Uubandike kwenye plaiwudi nyembamba, pana, yenye uwazi nyuma yake, unakuwa umetengeneza ngoma. Uzi wa zeze bila kibuyu hausikiki hata hapo ulipo. Kabati letu lilikuwa kibuyu.

Na haikuishia hapo. Fundi, Mungu ambariki, alitaka kabati lisianguke, akalipigilia ubao mpaka kwenye kenchi kwa misumari ya inchi 4. Kenchi imebeba bati. Kwa hiyo feni yenye uzito usiofika robo kilo ilikuwa inapiga bati la nyumba nzima! Tulichokuwa tunasikia usiku siyo feni, ni paa. Nikang'oa ule ubao. Kabati likasimama lenyewe kwenye sakafu, miguu yote minne juu ya vipande vya ndala kuukuu. Hapo tu nusu ya kelele ikaondoka, na sikutumia hata senti.

Halafu nikaenda kwa fundi pancha, Benaco hawakosekani, nikaomba kipande cha tyubu ya lori iliyokufa. Nikakata mraba mkubwa kuliko feni, katikati nikatoboa duara. Feni nikaifunga kwenye mpira, na mpira nikaufunga kwenye kabati kwa kingo zake za nje. Mnanielewa? Feni haigusi mbao popote. Imeshikwa na mpira, mpira ndo umeshikwa na mbao, mtetemo unaishia kwenye mpira. Na kwa kuwa mpira umeziba pembeni pote, hewa haipenyi na kurudi ndani. Ubavu wa kabati uliokuwa unalegalega nikaupigia kipande cha ubao katikati, maana plaiwudi pana isiyo na mshikilio inapiga kelele hata kwa upepo.

Uongo wa pili: "nunua feni ndogo, itakuwa na kelele ndogo." Ni kinyume kabisa. Feni ndogo ikitakiwa kupeleka hewa ile ile inabidi izunguke haraka zaidi, na kelele ya feni inatokana na mwendo kuliko ukubwa. Ukipunguza mwendo nusu, hewa inapungua nusu, lakini kelele inashuka kama desibeli 15. Desibeli 10 tu sikio linazisikia kama kelele imegawanyika mara mbili. Kwa hiyo biashara iko hivi: unatoa nusu ya hewa, unapata utulivu zaidi ya nusu. Nani anaikataa biashara hiyo?

Mtasema: lakini hewa si itapungua, na wewe umetuhubiria habari za hewa hapo juu? Ndipo ninapowaomba mchukue kalamu. Kabati letu ni 1.2 mara 0.6 mara 1.5, sawa na mita za ujazo 1.08. Feni ya sentimita 12 ikiwa haijazuiwa na kitu inapeleka kama mita za ujazo 85 kwa saa. Ikishavuta kupitia wavu na bomba, tuseme inabaki nusu, kama 42. Maana yake hewa yote ya kabati inabadilika karibu mara 39 kwa saa. Na uyoga mamama unataka mara ngapi? Mara 4 mpaka 8. Yaani tulikuwa tunapiga hewa mara tano ya inayohitajika, tunakausha kabati, mama anamwagia maji mara kwa mara kama anazima moto, halafu kelele za hewa hiyo ya bure ndo zinamwamsha baba mdogo! Kelele tuliyokuwa nayo ilikuwa ya hewa ambayo hakuna aliyeihitaji.

Nikachukua chaja ya simu ya volti 5, nikaunga feni hapo badala ya adapta ya volti 12. Ikazunguka taratibu, unaweza karibu kuzihesabu panga zake. Hewa bado ni mara 15 au 16 kwa saa, bado imezidi, lakini unyevu unatunzika. Angalizo: siyo kila feni inakubali kuanza kwa volti 5, nyingine inatetemeka tu pale pale. Ijaribu kwanza, ukiona hivyo tafuta adapta ya volti 7 au 9. Na chaja ikae nje ya kabati, mahali pakavu. Humo ndani ni maji matupu, usithubutu kuingiza waya wa umeme wa ukutani.

Uongo wa tatu ni wa vitendo, hausemwi: kuziba. Mdogo wangu alishaning'iniza kanga mbele ya tundu la kuingizia hewa ili "kelele zisitoke". Kelele ikaongezeka, akashangaa. Feni iliyozibwa pumzi inapiga mluzi. Tundu la kuingilia hewa liwe pana kuliko la kutokea, liwe chini upande wa pili, lifunikwe wavu wa mbu basi. Wavu nao usiubandike usoni kwa feni. Hewa ikipita kwenye nyaya halafu papo hapo ikakutana na panga, inavurugika na kulia. Usogeze sentimita 3 au 5 mbele. Nilipousogeza ule mluzi ukafa palepale.

Na mi nilikosea, niseme ukweli. Nilijifanya mjuaji nikabandika sponji ya godoro ndani ya kabati juu kote, eti inameza sauti. Wiki haikuisha, sponji ikaota ukungu mweusi, mama akaniangalia bila kusema neno. Nikaitoa nikaichoma. Ndani ya unyevu sponji haina kazi. Badala yake nikaweka bomba lenye kona moja linalopeleka hewa nje, mdomo wake umeangalia chini na mbali na dirisha la mdogo wangu. Nimelilaza kidogo liinamie nje, ili mvuke ukigeuka matone yateremke huko na yasirudi kichwani kwa feni. Basi.

Usiku huo baba mdogo alitoka kama kawaida yake, akasimama mlangoni mwa stoo, akaweka kiganja kwenye tundu la bomba kuhakikisha upepo upo, akarudi kulala. Hakusema asante. Asubuhi aliuliza tu: "Imewaka usiku kucha ile?" Nikamwambia ndiyo baba, mpaka sasa. Wiki iliyofuata mama alivuna kofia pana kama kiganja, na kikohozi cha alfajiri kimepungua.

Najua mtakuja na hoja zenu. Ya kwanza: umeme, LUKU inakula. Haya tuhesabu tena. Volti 12 mara ampea 0.2 ni wati 2.4. Saa 24 kwa siku 30, haifiki uniti 2 kwa mwezi mzima, na hiyo ni kwa mwendo ule mkali. Pasi ya kunyooshea mashati yenu ya kwenda kanisani inakula zaidi. Ya pili: umeme ukikatika je? Sawa, hiyo ni hoja. Ndo maana tundu la chini na la juu yawepo hata bila feni, hewa yenye joto ipande yenyewe. Haitoshi, lakini inasaidia mpaka umeme urudi. Ya tatu: shangazi yangu wa Biharamulo analima uyoga kwenye banda la udongo lenye madirisha na hana feni kabisa. Kweli, na mwenye banda asinunue feni, atapoteza hela yake bure. Mi nawatetea wenye chumba kimoja, wanaolala ukuta mmoja na kabati lao. Hao ndo wanaoambiwa "zima".

Sasa nirudi kwako, mwana Fizikia na Hisabati wa kwenye vimbweta. Sikukasirika kwa sababu hujui. Mi mwenyewe sikujua. Rezonansi niliiandika kwenye mtihani, tafsiri ya mistari miwili na mfano wa daraja na askari wanaotembea kwa hatua moja, nikapata alama zote. Daraja lenyewe sijawahi kuliona. Feni ilikuwa mezani kwangu kila siku na sikuwahi kuigusisha kwenye mbao nikasikiliza. Fundi aliyepigilia kabati kwenye kenchi hakuisoma rezonansi, tumsamehe. Mimi na wewe tumeisoma, na wa kwanza kusema "zima" ukawa wewe. Mtaala wa sekondari unaimba umahiri tangu 2005, na Sera ya Elimu toleo la 2023 imeleta mkondo wa amali. Mwakani au mwaka unaofuata tutasimama mbele ya watoto, wengine wao wametoka nyumba kama ya kwetu. Mmoja akinyoosha mkono akasema, "Mwalimu, feni ya mama inapiga kelele", utamwambia nini? Kama jibu ni izime, basi mfumo mzima wa umahiri umeishia kwenye swichi.

Mi nasema mwambie ailete darasani. Aishike mkononi, halafu aigusishe kwenye dawati. Darasa zima litasikia, na hutahitaji kuandika tafsiri ubaoni siku hiyo.

Kesho tuna lekcha saa 1 asubuhi na sijafua. Mwenye hoja ya kunipinga anifuate vimbwetani, ila aje na feni yake. Na nyie mliomaliza uyoga wangu mkavu, mnajijua, nawadai.

Nawasilisha.